Piriti usiitupe: inajua dhahabu ilivyofika

Mara ya kwanza kushuka kwenye shimo la dhahabu kule Kamituga nilikuwa bado mwanafunzi wa jiolojia hapa Bukavu. Nilirudi na mfuko wa mawe meupe ya kwatzi yenye vichembe vya dhahabu. Piriti, yale madini ya njano yanayong'aa kama dhahabu, niliimwaga palepale. Kwangu ilikuwa chuma na salfa, basi. Mwalimu wangu alipoukagua mfuko aliuliza, "Na ile uliyoitupa iko wapi?" Nilipanda lori tena, siku mbili za matope, kuifuata.

Ndugu unayesomea miamba, na wewe baba PDG, yaani mkuu wa shimo, nisikilizeni. Chini ya ardhi dhahabu husafiri ndani ya maji ya moto, mara nyingi ikiwa imeshikana na salfa. Maji hayo yakikuta mwamba wenye chuma kingi, salfa inaiacha dhahabu na kushikana na chuma. Hapo piriti inazaliwa, na dhahabu, ikiwa imekosa wa kuibeba, inatua.

Punje ya piriti hukua ganda juu ya ganda, kama pete za mti, na kila ganda hunasa kidogo ya vilivyokuwa majini wakati ule: arseniki, kobalti, nikeli, hata dhahabu yenyewe. Siku hizi leza hutoboa vitundu vidogo kuliko unene wa unywele, kuanzia kiini hadi ukingo, na mashine inasoma kila ganda lilikula nini. Kule Carlin, jimbo la Nevada, Marekani, dhahabu nyingi imejificha katika maganda membamba ya nje yenye arseniki. Viini ni vya zamani zaidi na havina kitu cha maana. Ukiisaga punje nzima na kuipima, hadithi hizo mbili zinachanganyika na hujui ni maji yapi yaliyoleta dhahabu.

Jambo hili linagusa mashimo yetu pia. Juu, kwenye udongo mwekundu, piriti imekwisha kuoza kwa maji na hewa, na dhahabu iko huru. Mkishuka hadi jiwe la kijivu linalong'aa, sahani ya kuoshea dhahabu inarudi tupu, na watu husema dhahabu imekimbia. Pengine ipo, imefungwa ndani ya piriti, na zebaki mnayotumia kunasa dhahabu haiwezi kuifikia. Kabla ya kuhama shimo, pelekeni jiwe hilo likapimwe.

Mnapochukua sampuli, msichague mawe mazuri tu. Chukueni mshipa wa kwatzi pamoja na mwamba unaougusa, maana huko ndiko chuma kilikotoka. Andikeni kina na upande juu ya kila mfuko, wala msichanganye mashimo mawili. Umbo la piriti lisiwadanganye. Nimeona wengi wakisifu vipande vikubwa vya mraba, na umbo peke yake halisemi kama kuna dhahabu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Jiwe likitoa harufu ya kitunguu saumu linapogongwa au kuchomwa, hiyo ni arseniki, nayo ni sumu. Mama zetu twangaise wanaotwanga mawe kutwa nzima, watoto mgongoni, wanavuta vumbi lake. Mama, lowesha jiwe kabla ya kulitwanga, funga kitambaa puani, na usikubali mtu akuletee piriti uichome kwenye jiko unalopikia ugali.