Viinitete vinagoma kwenye seli nne, tatizo ni langu?

SWALI: Habari za kazi dokta. Tumefanya IVF, ile ya kurutubisha mayai maabara, mara mbili, mayai yanarutubishwa vizuri tu ila yakifika seli nne, yakijitahidi sana nane, yanasimama hapohapo. Mbegu za mume wangu wamesema ziko poa. Wifi yangu kashaanza maneno, eti ni zile sindano za uzazi wa mpango nilizochoma zamani. Kweli hiyo?
Mama J, Mwanza

JIBU: Pole sana dada. Wifi mwambie apumzike, sindano zinaweza kuchelewesha mimba kuingia ukishaacha lakini hazigomeshi kiinitete.

Ishu iko hivi, siku mbili tatu za mwanzo jeni za mtoto, za kwako na za baba, karibu zote zimelala, zinaamka kwenye seli nne mpaka nane, kabla ya hapo kiinitete kinakula akiba iliyomo kwenye yai lako. Sasa protini za kuziamsha zinatengenezwa nje ya kiini cha seli na lazima ziingie ndani kupitia vitundu vya ukuta wake, na protini kubwa haipenyi hivihivi, inabebwa na protini nyingine zinaitwa importini, ni makuli wa bandarini kabisa, anasoma lebo ya mzigo, anaushusha ndani, anarudi kubeba mwingine.

Importini za aina ya alfa tunazo saba. Ya saba, KPNA7, kazi yake kubwa iko kwenye yai. Mwaka 2010 ilionekana panya jike akiikosa, viinitete vyake vingi vinakufa mapema, na 2023 ikaripotiwa wanawake ambao viinitete vyao vinagoma kama vyako na jeni hiyo ina hitilafu. Wenyewe wazima wa afya! Na mbegu nzuri ya mzee haiokoi jahazi, maana jeni zake bado zimelala.

Ila usijipe ugonjwa, mara nyingi zaidi ni kromosomu tu, zile nyuzi zinazobeba jeni, zimegawanyika vibaya, na zipo jeni nyingine za yai kama TLE6 na PADI6 zinazoleta mgomo huohuo. Omba kliniki rekodi ya kila kiinitete kilisimama siku ya ngapi, kwenye seli ngapi. Vikiwa vimegota vyote palepale mara zote mbili, kipimo cha jeni kina maana, na jibu likiwa KPNA7, kubadilisha kliniki ni kupoteza hela, njia inayobaki ni yai la kuchangiwa. Kipimo chenyewe ni damu yako tu, mume hatolewi kitu.