Kabla hujazungushwa shingo saluni

Safu iliyopita nilizungumzia baridi yabisi ya vidole. Maswali yaliyorudi, karibu yote, yalikuwa ya shingo. Nimechagua sita. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, kwa hiyo mahali kazi yangu inapoishia nitakwambia nenda kwa nani.

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, niko Kongwa. Baridi yabisi ya mikono ninayo mwaka wa sita sasa. Tangu Pasaka kisogo kinauma, vidole vinakufa ganzi, vikombe vinaniponyoka. Nikiinamia jiko nasikia kama shoti ya umeme inashuka mgongoni. Mume wangu anasema ni ndoo za maji. Ni kweli?

Marahaba, ingawa udaktari umenipa bure. Ndoo haikukuletea ugonjwa, lakini kuanzia leo usiibebe kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na shingo yako haijulikani iko katika hali gani.

Shingo ina pingili saba. Ya kwanza ni pete tu, imebeba fuvu. Ya pili ina kijino kinachosimama ndani ya ile pete, kama kigingi zizini, na nyuma yake umepita mkanda mgumu wa kano unaokibana kisicheze. Ukitikisa kichwa kusema "hapana", pete inazunguka kwenye hicho kigingi. Nyuma ya mkanda ndipo unapita ugwe mgongo, ile kamba nene ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni.

Baridi yabisi ni kinga ya mwili kuushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Utando huo uko kwenye vidole, na uko pia kuzunguka kile kijino. Ukivimba miaka na miaka unalegeza mkanda na kuulamba mfupa. Hapo ukiinama, pete inateleza mbele, kijino kinabaki nyuma, na ugwe unabanwa katikati. Ile shoti unayoisikia ukiinamia jiko inaweza kuwa ndiyo hiyo.

Kinachonitia hofu kwa wagonjwa kama wewe ni kwamba mikono ilishaharibika kabla. Kikombe kikianguka, kila mtu analaumu vidole, na mgonjwa mwenyewe analaumu vidole. Ganzi inapita bila kuulizwa inatoka wapi.

Kwa hiyo usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali kesho, na useme maneno haya haya uliyoniandikia: kisogo, ganzi, shoti. Kipimo cha kwanza huwa eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu. Mara nyingi inapigwa shingo ikiwa imenyooka, kisha ikiwa imeinama, kwa sababu mlegeo unaweza kujificha mtu akikaa wima. Kuinama unainama mwenyewe taratibu, mbele ya mtaalamu, bila kusukumwa na mtu. Kwa mtu mzima, pengo kati ya pete na kijino likizidi milimita 3 si la kawaida. Kwa dalili zako nategemea daktari atataka na MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ugwe wenyewe, na hiyo maana yake ni rufaa ya kuja Dodoma mjini. Wengine huishia kuungwa pingili kwa upasuaji, wengine hubaki wakiangaliwa kwa karibu huku dawa zikirekebishwa. Miguu ikianza kuwa mizito, ukiyumba kama mlevi, au mkojo ukigoma au ukikutoka bila taarifa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na ile kola ya sponji inayouzwa madukani? Inakukumbusha kutogeuka ghafla, basi. Haizuii pingili kuteleza.

Kaka, kila Jumamosi nikimaliza kunyolewa, dada wa saluni ananiosha, ananikanda, kisha anazungusha shingo mpaka ilie "ka!". Raha tupu. Kuna ubaya? Sina ugonjwa wowote. Niko Area C.

Mlio ule si mfupa kurudi mahali pake, maana haukuwa umetoka. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Kwa mtu mzima wa afya mara nyingi hakuna kinachotokea. Mara chache sana mshipa wa damu unaopanda shingoni kwenda kwenye ubongo huchanika ndani, na matokeo yake ni kiharusi. Mimi siruhusu. Kichwa na mabega nakandwa, shingo nasema asante.

Mwenye baridi yabisi hilo la "ka!" ni marufuku kabisa, awe anazungushwa na kinyozi, mchuaji wa mtaani au mtaalamu mwenye cheti ukutani. Nakiri nilikaribia kosa hilo mwanzoni mwa kazi. Mama mmoja aliletwa kwangu na karatasi imeandikwa "maumivu ya shingo", basi. Nilikuwa nimeshaweka mikono chini ya kisogo chake ndipo nikaviona vidole vyake vilivyolalia upande mmoja. Niliitoa mikono polepole. Tangu siku hiyo nikiletewa shingo naanza kwa kusalimia kwa mkono, na nautazama huo mkono.

Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Dodoma unakata kama kisu, na shingo yangu inakaza. Baridi ndiyo inaleta baridi yabisi?

Hapana, jina ndilo linalotuchanganya. Mombasa na Tanga kwenye joto wapo wagonjwa wengi tu. Baridi inakaza misuli na inafanya maumivu yasikike zaidi, kwa hiyo funga skafu bila aibu. Ila usimeze prednisoloni, vile vidonge vya steroidi vya kushusha uvimbe, za duka la dawa kwa sababu ya upepo. Zikimezwa muda mrefu zinalainisha mifupa, na ya shingo imo.

Mambo vipi mtaalamu. Miaka 27, bodaboda wa Nkuhungu. Mgongo wa chini mwaka wa tatu huu unauma. Asubuhi nimekakamaa kama gogo, nikichangamka mpaka saa nne nalegea. Sasa shingo nayo haigeuki, nikitaka kuangalia nyuma nageuza kiwiliwili chote. Mara tatu nimeambiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nikanywa dawa.

Poa. UTI ya miaka mitatu inayopona kila ukifika saa nne asubuhi mimi sijawahi kuiona.

Maumivu ya kazi hupungua ukipumzika. Ya kwako yanafanya kinyume: yanazidi ukilala, yanapungua ukitembea. Kwa kijana, hiyo ni sababu ya kutafuta ugonjwa uitwao ankilosingi spondilaitisi. Huanzia kiunoni, hupanda pingili kwa pingili, na ukiachwa huziunganisha mpaka uti wa mgongo unakuwa fimbo moja. Siwezi kusema ndio wako. Mwambie daktari kwa maneno hayo, mwombe picha ya nyonga na mgongo, na umtajie kama umewahi kupata jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga. Kama kuna homa za jioni, jasho la usiku au unakonda, sema pia, kwa sababu kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili.

Mazoezi ya kunyoosha kila siku ni nusu ya tiba, njoo tukufundishe. Shingo iliyoshikana ni ngumu kwa kuitazama, lakini ndani ni dhaifu, na anguko dogo la pikipiki linaweza kuivunja. Ukipata maumivu mapya baada ya kuanguka, chukulia imevunjika mpaka picha ikatae. Waambie na wenzako wa kijiweni: mtu ambaye shingo yake ilishapinda mbele asilazimishwe kulala bapa. Wamwekee nguo chini ya kichwa, wakiache kama kilivyozoea kukaa.

Mama yangu ana baridi yabisi ya miaka mingi, vidole vimepinda. Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Kuna la kuwaambia?

Lipo. Mwambie mtaalamu wa nusukaputi, uso kwa uso, kabla ya siku yenyewe. Mgonjwa akilazwa usingizi, kichwa hurudishwa nyuma ili mpira wa kupumulia upite kooni, na misuli iliyokuwa inailinda shingo inakuwa imelegea. Wakijua mapema watapiga picha na kuchagua njia nyingine. Kama anatumia prednisoloni, ataje na hiyo, na asiiache ghafla kwa hofu ya kisu.

Nimeandikiwa methotreksati ya baridi yabisi, vidonge vya mara moja kwa wiki. Naona kidogo mno. Nikimeza kila siku si nitapona haraka? Niko Manyoni.

Usithubutu. Ikimezwa kila siku ni sumu: vidonda mdomoni, damu inashuka, ini linaumia. Chagua siku moja, tuseme Jumapili, uiandike kwa kalamu kubwa juu ya boksi. Inachukua wiki kadhaa, pengine miezi mitatu, ndipo uone kazi yake. Vumilia, kwa sababu dawa ya aina hii ndiyo inayopunguza uwezekano wa ugonjwa kufika shingoni. Hairuhusiwi kwa mjamzito wala anayetafuta mimba, pombe ikae mbali, na vipimo vya damu usivikwepe. Kama umeshaanza kumeza kila siku, acha sasa hivi, chukua boksi lako uende nalo hospitali leo, hata kama hujisikii vibaya.