Anza na skripti, app ya baiskeli itafuata

Mkuu umeuliza hapo Dodoma, una laptop na baiskeli, ujenge app ya waendesha baiskeli yenye akaunti, chati na malipo au uanze na nini. Mi nakushauri login na malipo weka pembeni kabisa, ndo vinauaga projekti za wikendi. We rekodi safari kwa simu, toa faili la GPX (faili la kuhifadhi njia uliyopita), ndani ni XML tu, yaani maandishi yaliyopangwa kwa tagi, kila nukta ina latitudo, longitudo, na mara nyingi mwinuko na muda. Skripti, yaani programu fupi, ya Python ipige haversine (fomula ya umbali juu ya uso wa dunia) kati ya nukta na nukta (nusukipenyo cha dunia weka kilomita 6371), jumlisha, umbali huo umepata.

Utamu uko kwenye mwinuko, maana wa GPS unarukaruka, ukijumlisha kila kapando hata barabara tambarare itakwambia umepanda Kilimanjaro, so lainisha data kwanza halafu hesabu mpando unaozidi mita 3 hivi, test kwa kupanda kilima cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) njia ileile mara kadhaa, namba zikipishana sana ujue bado. Data tupia SQLite, database inayokaa kwenye faili moja tu hapo kwenye laptop, seva ya nini sasa.

Mi ningeongeza ramani ya pancha. Miba ya huko unaijua mwenyewe, ukitoboka bonyeza kitufe, ihifadhi eneo na tarehe, na washkaji unaoendesha nao wakitaka kuchangia hapo ndo ufikirie app. Ila ukishare njia zako kata mita mia chache za mwanzo na mwisho, la sivyo unamwonyesha mwizi baiskeli inalala wapi.