Uliza Kocha: Joto la Kisumu, watoto watatu na kilomita 42

Tangu Januari ianze barua karibu zote ni za joto. Nimechagua chache, zile zingine za viatu mtanisamehe, zitangoja mvua.

Kocha habari. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Mamboleo, nafanya kazi kwa kemisti hapo taoni, naingia saa tatu natoka saa kumi. Nimejiandikisha marathon ya Eldoret ya Aprili, ile ndefu yenyewe sio ya kilomita kumi, na saa hii naona ni kama nilijitafutia. Mzee wangu ni dereva wa lori, anaweza kukwama Malaba siku nne, so asubuhi ni mimi tu na watoto mpaka msichana wa kazi afike saa kumi na mbili. Basi ya shule inabeba wakubwa wawili saa kumi na mbili na nusu, mdogo ana miaka miwili anabaki. Nimekuwa nikikimbia nikitoka kazi, wiki jana kufika Kondele kichwa kikaanza kugonga halafu nikasikia baridi, vinyweleo vimesimama na jua linawaka. Mwendo nao umeshuka, Novemba nilikuwa nafanya kilomita moja kwa dakika sita na nusu, saa hii ni saba na zaidi. Naharibika ama? Na mamangu mkwe ameanza kusema kwa simu ati wajukuu wake wanalelewa na msichana wa kazi. Nifanye aje? – Mama Watatu, Mamboleo

Mama, wacha nianze na hiyo baridi juu ndiyo imenishtua, hata mwendo baadaye. Mtu akiwa anakimbia kwa jua kali halafu asikie baridi na vinyweleo visimame, mwili unamwambia umeanza kushindwa kujipoza. Hapo huongezi hata hatua moja, hutembei ati umalizie mpaka steji, unaingia kivulini, unajimwagia maji kichwani, shingoni na kwa makwapa, unakunywa pole pole, unapanda boda unaenda nyumbani. Na nyinyi mnaokimbia na wenzenu sikieni hii pia: mwenzako akianza kuyumba ama kuongea vitu havieleweki, huyo hajachoka, huyo anaweza kufa. Mpozeni hapo hapo na maji baridi mengi, mwili mzima, wakati gari linatafutwa. Msingoje hospitali ndio wampoze.

Sasa hiyo saa kumi yako. Watu hudhani saa kumi jua limelegea lakini angalia saa za huku kwetu vizuri, sisi tuko magharibi ya nchi, mwezi wa Februari jua la Kisumu linafika juu kabisa karibu saa saba mchana na linazama karibu saa moja jioni. Kwa hivyo ukitoka kazini saa kumi bado liko juu sana, na lami imekunywa joto mchana mzima inakurudishia kutoka chini, na upande wa Kondele uongeze moshi wa matatu. Hiyo saa achana nayo mpaka mvua ishike.

Lakini hizo saa za magharibi zinakusaidia asubuhi, na nafikiri hujaona. Februari jua linachomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi. Basi ya shule imeenda saa kumi na mbili na nusu, msichana amefika, kazini ni saa tatu. Hapo katikati uko na dakika hamsini za mwanga bila jua la kuchoma, na huna haja ya kukimbia gizani peke yako, kitu ambacho sitakushauri hata siku moja. Kweli asubuhi hewa ya ziwa ni nzito, unyevu uko juu na jasho halikauki haraka, utaloa kama umenyeshewa, lakini afadhali hiyo mara mia. Jumanne, Jumatano, Ijumaa, dakika 45 mpaka 50 kila siku, basi. Hizo siku tatu na mbio ndefu moja wikendi zinatosha kabisa kwa mtu anayetaka kumaliza marathon yake ya kwanza. Usiniletee programu ya Kipchoge uliyoona kwa simu. Kipchoge anakaa kambini Kaptagat wiki nzima na kwenda kwa familia wikendi, na mchana analala, wewe mchana unahesabu dawa za watu.

Mwendo: huharibiki. Ukikimbia kwa baridi damu inaenda kwa miguu, ukikimbia kwa joto miguu inataka damu na ngozi pia inataka damu ya kutoa joto nje, moyo ni ule ule mmoja, so mwendo ule ule unakula mapigo mengi zaidi. Peres Jepchirchir, ambaye pia ni mama, alikimbia Valencia Desemba 2020 kwa 2:17:16. Agosti 2021 akaenda Olimpiki, marathon ikakimbiwa Sapporo kwa joto, akatumia 2:27:20, yaani dakika kumi zaidi, na akarudi na dhahabu. Kama bingwa anaongeza dakika kumi wewe ukiongeza nusu dakika kwa kilomita unalia nini? Kwa sasa saa ya mkono iache nyumbani ama iangalie ukimaliza. Pima na pumzi, kama unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika uko sawa, kama unajibu ndio na hapana tu punguza. Ukienda hivyo siku kumi mpaka kumi na nne za mazoezi mwili unazoea, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na moyo unatulia. Ukiacha wiki kadhaa hiyo faida inapotea, kwa hivyo usikimbie wiki moja kwa fujo halafu ulale wiki mbili.

Mbio ndefu ifanye Jumamosi ama Jumapili mzee akiwa nyumbani. Tafuta kundi, Kisumu siku hizi makundi yako, muanze saa kumi na moja alfajiri mkiwa wengi. Chagua mzunguko unaopita nje ya kwenu kila baada ya kilomita tano ama sita, uache kibuyu cha maji kwa geti, hata watoto wakiamka wanakuona ukipita wanakupigia kelele. Ongeza pole pole mpaka ufike masaa matatu na nusu hivi, usipite hapo hata kama kilomita hazijafika 30. Na mara mbili Machi pandeni Kapsabet mkimbie huko, kwa sababu Kisumu tuko mita 1,131 na Eldoret ni kama 2,100. Joto utakuwa umeliacha nyuma lakini hewa itakuwa nyembamba, na usipojaribu kabla, utaenda kushangaa kilomita ya nane. Siku hiyo mbebe na watoto, wapande mlima wanunue maziwa, iwe safari ya familia.

Mamako mkwe. Usimjibu kwa simu. Hayo masaa unayokimbia hayatoki mbinguni, yanatoka kwa mtu, na saa hii yanatoka kwa msichana wa kazi bila mtu kumuuliza, hapo dani, yaani nyanya wa watoto, ana pointi hata kama alisema vibaya. Kaa na mzee muandike kwa kalenda ya ukutani Jumamosi za mbio ndefu ni zipi na Jumamosi ambazo hukimbii kabisa ni zipi, msichana muongezee kitu kwa hizo asubuhi, halafu mama mkwe mwalike Machi aje akae wiki mbili wakati mbio zako zimekuwa ndefu zaidi. Mwambie wazi unamhitaji. Wengi wanaolalamika kutoka mbali ni kwa sababu hakuna aliyewaomba kitu. Na usiku ule mdogo amelia mpaka saa tisa, asubuhi usikimbie, na usijaribu kulipa hiyo siku kesho yake kwa kukimbia mara mbili.

Kocha mambo. Msee mmoja wa mtaa ananiambia nivae koti na plastiki ndani nikimbie saa saba mchana ndio niwe mgumu na nipunguze tumbo kabla ya marathon. Ni ukweli? – Kijana, Nyalenda

Hapana. Hizo kilo unazoona zimeenda ni maji, ukinywa zinarudi jioni. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka kwa ngozi, sasa umeifunga na plastiki, jasho linamwagika bure na joto linabaki ndani, na miguu inayofanya kazi inazidi kutengeneza joto, maana chakula unachochoma ukikimbia robo tu hivi ndiyo inakusogeza mbele, inayobaki yote ni joto. Mwaka 2019 mashindano ya dunia yalikuwa Doha, marathon ya wanawake wakaanza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua na bado wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza. Hao ni watu wa kazi hiyo, usiku, na singlet. Wewe unataka kwenda saa saba na koti.

Ukitaka kuzoea joto, toka na fulana nyepesi saa mbili asubuhi mara mbili kwa wiki, dakika 30 za kutembea na kujogi, maji yakiwa karibu. Tumbo ni mambo ya chapati, tutaongea siku nyingine.

Nikimbie na maji kiasi gani? Wengine wanasema kila kilomita kunywa, wengine wanasema ukizoea hutahitaji. – Mwalimu, Kakamega

Wote wawili wamekosea mwalimu. Fanya hesabu yako mwenyewe: jipime kwa mizani kabla ya kukimbia, bila viatu, kimbia saa moja bila kunywa kitu, jipangushe jasho, jipime tena. Kila kilo iliyotoka ni kama lita moja ya jasho. Si lazima urudishe yote njiani, kunywa ukisikia kiu na uhakikishe huongezeki uzito.

Kwa nini nasema usiongezeke? Kwa sababu maji mengi kupita kiasi yanaua pia, chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba. Marathon ya Boston 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wa mwendo wa pole waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito njiani. Ukipita saa moja na nusu weka kitu kwa maji: paketi moja ya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwa paketi, ama nyumbani lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Jaribu wakati wa mazoezi, sio siku ya mbio. Na nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, usile usiku wa kuamkia mbio ndefu, maharagwe hayaogopi mtu.

Kocha mimi sikimbii, mume wangu ndiye anakimbia. Kila Jumapili anatoka saa mbili anarudi saa sita, anakula, analala mpaka saa kumi. Kanisa ni mimi na watoto, wageni ni mimi, nguo za shule ni mimi. Nikisema ananiambia simsapoti. – Aliyechoka, Section 58, Nakuru

Pole dada. Mimi ni kocha na nitakuwa upande wako. Nakuru iko karibu mita 1,850, asubuhi kuna baridi ya koti, mtu wa Kisumu angelipa apate hewa kama hiyo. Hakuna sababu ya kutoka saa mbili, labda tu hapendi kuamka. Atoke saa kumi na moja na nusu na wenzake, saa tatu awe amefika nyumbani, ameoga, anavalisha watoto. Pia ni mazoezi mazuri zaidi kwake juu marathon nyingi zinaanza asubuhi mapema, hakuna inayoanza wakati anapopenda yeye.

Kulala, mpe saa moja. Baada ya mbio ndefu mwili unahitaji kweli, lakini masaa manne ni uvivu umevaa trakisuti. Halafu muulize kitu kimoja ambacho nadhani hakijawahi kuulizwa hapo nyumbani, hiyo marathon ni tarehe ngapi? Kama hana tarehe, basi hana programu, anatoka tu. Kama anayo, basi mnajua mwisho, na Jumapili ya kwanza baada ya hapo iandikwe jina lako, wewe ndiye unatoka saa mbili na unarudi ukipenda.

Niko Ahero, mwili unauma na homa inakuja jioni, lakini nimebakisha wiki tano. Naweza kumeza diclofenac nikimbie? – Mkimbiaji wa mpunga

Usimeze na usikimbie. Wewe unaishi katikati ya mashamba ya mpunga, homa ya jioni na mwili kuuma nenda upimwe malaria kesho asubuhi, usijiambie ni mazoezi. Diclofenac na maji kupungua mwilini ukikimbia kwa joto ni kuumiza figo, na mtu mwenye homa ameshaanza mbio akiwa na joto tayari. Ikipatikana ni malaria na wakupe AL (dawa ya malaria, artemether-lumefantrine), ni dozi sita kwa jumla, mbili kila siku kwa siku tatu, maliza hata ukisikia umepona siku ya pili, na imeze na chakula chenye mafuta kidogo. Homa ikiisha ngoja siku kadhaa, anza na kutembea dakika 30, halafu jogi nyepesi. Wiki tano bado ni nyingi. Na asubuhi ukitoka kukiwa giza vaa suruali ndefu nyepesi na soksi ndefu, mbu wa malaria wanauma usiku mpaka alfajiri.

Barua za mwezi ujao zifike kabla ya tarehe 20.