Hotipoti iko mvunguni

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 23, niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Moshi. Nimeolewa, na mtoto wetu wa miaka miwili anakaa na mama mkwe Machame. Mume wangu ana duka la spea za pikipiki Arusha, kule Mbauda. Yeye aliishia kidato cha nne.*

*Shangazi, chuo kimenishinda. Mihadhara siielewi, na sina mtu zaidi ya rumeti wangu na kaka mmoja wa mwaka wa pili anayenipa madesa, yaani notsi zake za kunakili. Testi ya kwanza nimepata 9 kati ya 30. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, liliisha wiki ya tatu. Mama mkwe anapiga simu kila siku saa moja jioni, muda wa disikasheni, ananiwekea mtoto nimsikie. Novemba mume alikuja hosteli bila taarifa, ovaroli ina grisi, amebeba hotipoti ya kiburu, zile ndizi zetu za maharage. Wenzangu walicheka wiki nzima. Yule kaka wa madesa akaniuliza kama ni fundi wa hosteli. Mpaka leo hotipoti iko mvunguni mwa kitanda, naona aibu hata kuitoa.*

*Krismasi sikwenda nyumbani kwa sababu ya testi, mume akanuna. Januari nilikwenda Arusha kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rumeti, nikaona wenzangu walivyo huru. Nataka nimwombe tuachane kwa muda, hii miaka mitatu tu, nitulie nisome. Kaka wa madesa naye anaona hivyo. Nimwambieje asiumie?*

Marahaba binti yangu. Pole kwa testi. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Huyo kaka wa madesa nimemkuta mara tatu. Alikuuliza kama mumeo ni fundi wa hosteli, na wewe hukuniandikia ulimjibu nini. Nadhani najua ulimjibu nini.

Halafu Krismasi. Mwanangu, mimi nimezeeka hapa hapa chini ya mlima. Desemba Mchaga anatoka hata Dar es Salaam kwa basi la usiku, amesimama, ilimradi alale kwao. Wewe uko Moshi mjini, Machame unaiona ukifungua dirisha, ukashindwa kupanda kwa sababu ya testi? Ni mhadhiri gani huyo anayetoa testi siku ya Krismasi? Na Januari Arusha ukafika, ile ile yenye Mbauda ndani yake. Ulikula keki, ulipiga picha, ukarudi Moshi. Dukani kwa mumeo hukupita, maana ungepita ungeniandikia.

Sasa tuje kwenye pesa. Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa mama ntilie, chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, ugali na mboga usiku, hiyo elfu kumi huimalizi hata ukiongeza parachichi. Kama liliisha wiki ya tatu, basi halikuliwa, lilivaliwa na kusukwa kichwani. Na ujue hiyo si zawadi. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Tangu wiki hiyo ya tatu umekula kwa nani? Hukusema, lakini ovaroli yenye grisi haikuja yenyewe.

Mumeo niko upande wake, nalisema wazi wasomaji wote wasikie. Mtu amefunga duka, siku hiyo hauzi hata plagi moja, amepita Machame kuchukua chakula kwa mama yake, kiburu kikiwa bado cha moto, akakuletea wewe mkewe. Mkwe naye hakuchunguzi. Mtoto wa miaka miwili saa moja jioni anasinzia na kumlilia mama, na bibi hana dawa nyingine zaidi ya simu. Kama saa moja inakubana, sema, "Mama, naomba tuongee saa kumi na mbili." Nani alikuzuia kusema?

Siku hizi nasikia ndoa nayo inapewa likizo, kama mtumishi wa halmashauri. Tuachane kwa muda, tupeane nafasi, nijitafute. Unajitafuta wapi, na mtoto umeshamzaa? Wazee wetu wa mlimani walikuwa na jani la isale: ukikosa, unampelekea uliyemkosea, na kulikataa ni jambo zito. Leo watu wanatumiana moyo mwekundu kwenye WhatsApp, kesho yake wanaitana mahakamani. Usiache mbachao kwa msala upitao, binti. Na huyo msala wa mwaka wa pili unapita kweli, kila Novemba wanaingia wa mwaka wa kwanza wapya.

Chuo chenyewe hakijakushinda. Sekondari ulizoea kengele na mwalimu wa zamu. Huku mhadhiri anaongea saa mbili mbele ya watu mia mbili, anafunga kompyuta yake, anaondoka, wala hajui kama ulikuwepo. Kila mwaka wa kwanza huyumba hapo, hata wanaojifanya wanaelewa. Wewe unasoma madesa ya mtu aliyehudhuria mwaka jana, unategemea nini? Kaa viti vya mbele, andika kwa mkono wako, na jioni hiyo hiyo kaa kwenye kimbweta uyarudie kabla hayajapoa. Usipoelewa, nenda ofisini kwa mhadhiri na swali moja umeliandika kwenye karatasi. Pita pia kwa mlezi wa wanafunzi umwambie kwamba una mtoto mdogo. Wenye hali kama yako anawapokea kila mwaka, na kwa kukaa kimya hawezi kukusaidia. Hiyo 9 inafukiwa bado, mtihani wa mwisho haujafika, na hata sapu, ule mtihani wa kurudia, haijaua mtu.

Jumamosi hii inama, uitoe hiyo hotipoti mvunguni. Imekaa na mabaki tangu Novemba, kwa hiyo ioshe kwa maji ya moto na limau, mfuniko uuanike juani. Tia ndani sukari kilo moja na majani ya chai, maana chombo cha mkwe hakirudi kitupu. Mpigie mumeo leo, umwambie mkutane Machame, na umwambie pia ulichomjibu yule kaka siku ile. Magari ya Machame yako stendi tangu asubuhi. Ukifika, habari za testi ziache kwanza, nawa mikono umpokee mtoto. Anaweza kukukimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Usinune, kaa chini umngoje.