Hoja ilijibiwa, au mwenye hoja alinyamazishwa?

SWALI: Mhariri, chama chetu kina wanachama 15, na kila mmoja huchanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Nilipoomba tuonyeshwe taarifa ya benki, mwenzangu alisema, "Wewe ulichelewesha mchango mwezi wa tatu, utatufundisha nini kuhusu pesa?" Mwingine akadakia, "Kwa hiyo mweka hazina ni mwizi?" Watu wakacheka, nikanyamaza. Ningejibu nini?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ombi lako halikuguswa kabisa. Wa kwanza aliliacha akakushika wewe. Pima hivi: lipeleke ombi hilohilo kinywani mwa mwanachama ambaye hajawahi kuchelewa. Likibaki na uzito uleule, kuchelewa kwako hakuhusiki. Hata hivyo, si kila kumtaja mtu ni kosa. Ungekuwa unagombea uweka hazina, rekodi yako ya kuchanga ingekuwa kiini cha suala.

Wa pili ndiye wa kuogopwa. Alibuni dai ambalo hukulitoa, tena rahisi kuangusha, akakubambikia. Ukianza kujitetea kwamba hukumwita mtu mwizi, kikao chote kitahamia huko na taarifa ya benki itasahaulika. Rudia maneno yako yalivyokuwa, kwa ufupi: "Nimeomba taarifa ya benki, sijamtaja mtu. Tunachanga shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Tutaiona lini?" Neno "lini" lina kazi yake: linadai tarehe, na kejeli haiwezi kuwa tarehe.

Usiwaambie "huo ni upotofu wa kimantiki." Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliorodhesha aina 13 za upotofu tangu karne ya 4 kabla ya Kristo, lakini jina la kosa halimshawishi asiyelijua. Waonyeshe pengo: kuchelewa mwezi wa tatu kunazuiaje wanachama kuona pesa zao?

Jichunge na wewe pia. Majibu yao mabovu hayathibitishi kwamba pesa zimeliwa. Ukiwaza "wamekwepa, basi wameiba," umeruka hatua. Mtu hukwepa hata kwa aibu ya daftari lisiloandikwa vizuri. Taarifa ikija, ilinganishe na daftari hilo mwezi kwa mwezi: kilichochangwa, kilichofika benki, kilichotolewa na nani aliidhinisha.