Anayeweza kumpa mtoto uloto asimpe damu (mleta uzi soma kabla hujarudi wodini)

Dada, huyo kijana wa miaka 19 asitoe damu. Mwambie ashuke kitandani, anywe soda yake arudi nyumbani. Kama kashatoa basi chupa yake iende benki apewe mtu baki, isitundikwe kwa mdogo wake. Salamu tutapeana baadae.

Kwa mnaoingia sasa hivi: dada ana mtoto wa miaka 7 mwenye sikoseli, kalazwa, HB (kiwango cha damu) 5.1, wameambiwa zitafutwe chupa mbili. Kaka mtu ana grupu hilohilo, na maabara wamemwambia hiyo ndo damu safi kuliko zote maana ni ya nyumbani. Alafu mistari mitatu chini anauliza habari za India, mwakani wanataka kwenda kupandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu), na mtoaji wanayemtegemea ni nani? Kaka huyohuyo! Anauliza gharama, mji gani, visa, chakula, na kama vipimo vya HLA (alama za kwenye seli ambazo kinga inazitumia kujua nani wa nyumbani nani mgeni) vinafanyika hapahapa. Na nyie wakuu kurasa mbili nzima mnamjibu bei za tiketi. Bei za tiketi jamani, hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Mimi nimeshtuka kwa sababu kosa hili lilinilia kiwanja changu cha Chanika.

2017 na 2018 mwanangu alikuwa analazwa kama mtoto wa bweni, anatoka wiki mbili anarudi. Hospitali tuliyokuwa tunaenda ni ndogo, ya binafsi, siitaji na msinifuate PM kuniuliza. Pale kila akitakiwa kuongezewa damu wanasema leteni ndugu. Mimi O+, mtoto O+. Kulikuwa na jamaa wa maabara, koti lake kifungo cha juu kimekatika kafunga na pini, akanipiga begani akaniambia "mzee damu ya baba haina longolongo, mwili wa mtoto unaijua." Mpaka leo nikiikumbuka ile sentensi natamani nimtafute nimkalishe chini nimsomeshe bure. Mwili unaijua ndiyo, ila kama sungusungu wanavyomjua kibaka.

Asubuhi nimetoa, jioni nakuta chupa inaning'inia juu ya kitanda cha mtoto, jina langu limeandikwa kwa maka peni kwenye kipande cha plasta na limekosewa. Nikapiga picha, nikaweka status "damu nzito kuliko maji". Wifi zake mke wangu wakalia, watu wakanimwagia baraka. Basi nikanogewa, nikatoa mara tatu ndani ya miezi 14, na baba mdogo wake akatoa mara moja ili asionekane hampendi mtoto, tukawa kama kamati ya harusi, kila mtu anataka asikike ametoa nini.

2021 tukapata hela (mkopo, kiwanja, michango ya kanisani, na mzee mmoja wa kazini Mungu amlaze pema) tukaenda India. Dada yake mtoto alishapimwa HLA, hawakufanana. Hapo mjue kitu, watoto wa baba na mama mmoja uwezekano wa kufanana kabisa ni 25%, kwaiyo mkiwa na mtoto mmoja au wawili tu ni bahati nasibu. Tukaambiwa tusikate tamaa, siku hizi mzazi anaweza kutoa, wanaita haplo, nusu kwa nusu, maana mtoto kila mzazi amempa nusu ya HLA zake. Kuwa na AS (umebeba jeni moja ya sikoseli ila huumwi) sio shida, mtu wa AS anaruhusiwa kutoa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano kwaiyo akawekwa pembeni. Nikabaki mimi. Nikajiona simba.

Siku ya mahojiano yule mama daktari akawa anauliza anaandika, anauliza anaandika. Mtoto ameongezewa damu mara ngapi? Kama tisa hivi. Zilitoka wapi? Nikatoa kifua mbele nikasema tatu zangu mimi mwenyewe. Akaacha kuandika. Akavua miwani. Nikadhani ameguswa na upendo wangu 😂 kumbe mwenzangu anahesabu hasara.

Wakampima mtoto antibodi dhidi ya HLA zangu. Wana namba yao inaitwa MFI, inaonyesha hizo antibodi ni nyingi kiasi gani, ikishavuka 1,000 wanaanza kukunja uso, ikivuka 5,000 ni balaa. Ya mwanangu ilikuwa 12,000 na ushee. Daktari akageuza karatasi ya risiti akanichorea vijiti viwili, hiki cha baba alichorithi mtoto, hiki cha baba ambacho hakurithi. Kile cha pili kwa mtoto ni mgeni kabisa. Na chupa ya damu sio damu nyekundu tu, mle ndani kuna chembe nyeupe kibao na hizo zimejaa HLA. Kila nilipomtundikia chupa nilikuwa namletea vijiti vyote viwili, kinga yake inamuona yule mgeni, inamkariri, inatengeneza antibodi za kumsubiri. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alafu miaka mitatu baadae naingiza seli shina za uloto wangu, zile zinazozaa damu, zenye sura ileile nasema mpokeeni huyu ni baba. Watampokea wapi! Zinamalizwa kabla hazijafika kwenye mfupa kujenga nyumba, na mtoto ameshapigwa kemo, uloto wake umeshafyekwa, anabaki hana wake hana wangu. Aliponiambia hiyo sehemu ya mwisho nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Wakajaribu kuzishusha. Rituksimabu, dawa ya kuua seli zinazozaa antibodi, alafu kubadilishwa plazma, ile mashine inatoa damu inachuja yale maji ya njano inarudisha, mtoto amelala anaangalia katuni za Kihindi. Alafu imyunoglobulini ya mshipani, yaani antibodi zilizokusanywa kwa watu wengine. Vyote hivyo haviko kwenye ile bei ya jumla mnayotumiwa na mawakala wa WhatsApp dada, kila kimoja kina risiti yake. Zikashuka mpaka 7,000 wiki mbili zikapanda tena. Mara ya pili hivyohivyo. Mwisho hela imekata, gesti tunadaiwa, daktari akasema rudini nyumbani mama ajifungue tutamtumia yeye. Tukarudi Dar na mtoto yuleyule, sikoseli ileile, deni jipya. Nilimkwepa kila mtu aliyenichangia, nilikuwa nashuka daladala kituo cha mbele nizunguke nyuma ya soko.

Mke wangu hakuwahi kumpa mtoto damu kwa sababu moja tu, yeye ni B. Grupu lake nililokuwa nalitania ndo lilituokoa. 2022 tukarudi, antibodi dhidi ya HLA zake hazikuonekana, uloto ukatoka kwa mama, mfuko wenyewe mdogo ungedhani ni maziwa ya mtindi. Siku ya tatu na ya nne baada ya kuupokea mtoto akapigwa siklofosfamidi, dawa ya kemo, nikataka kuleta fujo, sumu tena? Kumbe ndo ujanja wenyewe wa haplo, wale askari wa mama, chembe nyeupe zilizokuja na uloto wake, wenye hasira na mwili wa mtoto wanakuwa ndo wanazaliana kwa kasi, sumu inawakamata hao, seli shina zenyewe zinajua kujitetea zinabaki. Siku ya 19 chembe nyeupe zikaanza kupanda. Saivi macho meupe, ananisumbua anataka baiskeli.

Sasa kilichoniuma zaidi. Nikiwa kule usiku sina usingizi nikaanza kusoma. Jambo hili sio jipya hata kidogo. Kule Seattle, timu ya E. Donnall Thomas, yule aliyepata Nobeli 1990 kwa mambo haya ya uloto, walifanya kwa mbwa. Wakachukua mbwa ndugu waliofanana, mmoja akamuongezea mwenzake damu kwanza, alafu wakampandikizia uloto wa huyohuyo aliyempa damu. Uloto ukakataliwa. Na hao ni ndugu WALIOFANANA dada, kama unavyotegemea wanao wafanane. Maana hata HLA zikilingana kuna alama nyingine ndogondogo zinatofautiana na mwili unazikariri vilevile. Wakachapisha 1970. Mbwa wa Seattle walijua 1970, mimi na diploma yangu 2018 naweka status.

Na kuna la pili wasilosema kule maabara. Damu ya ndugu wa karibu isiyopigwa mionzi (ya kuzuia chembe nyeupe zisizaliane), zile chembe nyeupe zake zinaweza kufanana na mgonjwa kiasi kwamba mwili wake hauzioni kama wageni, hauzitoi, zinabaki ndani zinaanza kumshambulia yeye. Hutokea kwa nadra sana lakini ikitokea wengi hawaponi. Kwaiyo "damu ya nyumbani ndo salama" imekosewa pande zote mbili.

Msinielewe vibaya, mtoto akiwa anahema juujuu, HB imeanguka, na chupa iliyopo ni ya kaka yake tu, mtundikieni, kwanza awe hai. Ila dada umesema yupo macho na anakula. Basi una mda wa kubishana. Nenda benki ya damu ya hospitali waambie mtoto huyu anatarajiwa kupandikizwa uloto, waandike kwenye faili, mnaomba damu ya mtu baki kutoka Damu Salama (benki ya damu ya taifa), na kama wana filta ya kuchuja chembe nyeupe waitumie, haimalizi hatari lakini inapunguza. Ndugu wachangie ndiyo, wakijaa gari zima sawa, lakini zao ziingie benki zibadilishwe. Baba, mama, kaka, dada, baba wadogo, wajomba, woteee. Na muulize daktari kama mtoto anatumia haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, vizuri maana ikikubali chupa zinapungua zenyewe.

Anayeweza kutoa uloto asitoe damu. Bandikeni kwenye friji.

India gharama zinategemea mtoaji na kama mambo yataharibika, yangu yaliharibika kwaiyo usinitumie mimi kama bei. Kabla hujakata tiketi uliza Benjamin Mkapa pale Dodoma, wanapandikiza watoto wa sikoseli tangu 2023, mimi ningekuwa na kaka mtu aliyefanana ningeanzia pale. Chanjo zote mtoto atarudia upya kama katoka leba jana, na ile ya surua inasubiri kama miaka miwili, hiyo hakuna wakala atakuambia. Na mtu akikuuzia dawa ya kuongeza kinga baada ya kupandikiza mfukuze na fimbo, kinga mpya ikichangamka kabla ya wakati inakula ngozi, ini na utumbo wa mwenye nyumba.

Visa na chakula nimesahau ulichouliza, nitapanda juu nisome tena. Ila nijibu kwanza, kaka mtu ameshatoa au bado? Na ile chupa iko wapi saa hizi?